Gitaa la Mtumba na Kadi Tatu za Benki

Wazee wa muziki wa dansi Tanzania wana jina lao la gitaa lisilotumia umeme. Vijana huliita gitaa kavu. Wazee husema galatoni. Mwulize mzee mmoja alianzaje kupiga, naye hataanza na bendi wala jukwaa. Ataanza na galatoni la kaka yake, au la mjomba aliyerudi nalo kutoka migodini Afrika Kusini, au la mwalimu aliyekuwa akilitundika ukutani na kukataza watoto wasiliguse. Karibu kila mara chombo kilikuwa cha mtu mwingine kabla hakijawa chake.

Jina lenyewe lina kwao. Mwaka 1926 Eric Gallo alifungua biashara ya santuri mjini Johannesburg, na kampuni iliyokua kutokana na duka hilo ikaja kutoa santuri zenye nembo ya Gallotone. Ikatengeneza pia magitaa ya bei nafuu yenye jina hilohilo, nayo yakapanda kaskazini pamoja na santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kunasia sauti, alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa katika mji wa Jadotville, Katanga, ambao leo unaitwa Likasi. Wimbo wake wa "Masanga", ulioimbwa kwa Kiswahili cha huko, ulitoka kwenye santuri ya Gallotone. Bosco alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na hata leo anayesikia mara ya kwanza hudhani yamepigwa magitaa mawili. Basi jina likawa kwenye santuri, likawa kwenye mbao, na ulimi wa Kiswahili ukalilainisha likawa galatoni.

Galatoni moja lilifika mbali zaidi. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, kitongoji cha Liverpool, kijana aitwaye John Lennon alikuwa akipiga Gallotone Champion siku alipokutana na Paul McCartney. Ndani ya tundu la gitaa lile kulibandikwa karatasi yenye ahadi ya mtengenezaji kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo inafaa kusomwa mara mbili. Mtengenezaji hakusema gitaa lingetoa sauti tamu. Hakusema nyuzi zingekaa kwenye sauti zake, wala vidole visingeuma. Alisema halitapasuka, akaishia hapo.

Anayetafuta gitaa lake la kwanza leo, tena la mtumba, hukutana na ahadi za namna hiyohiyo. Chukua mfano wa binti wa kwaya anayezunguka Kariakoo na akiba yake ya miezi sita. Muuzaji anamwona kwa mbali. "Dada, hili orijino kabisa, lilikuwa la Mzungu." Analipangusa kwa kitambaa, anapiga nyuzi zote kwa mpigo mmoja mzito, kisha anaparamia vibwagizo viwili vya bendi fulani kwa mikono ya mtu aliyepiga miaka ishirini. Gitaa linalia vizuri kweli. Linalia kwa sababu analijua. Anajua wapi lina kasoro, na hapagusi. Binti hajui kupiga hata kodi moja (kodi za gitaa, si zile za mapato), kwa hiyo anaona hana la kusema. Hapo ndipo anapokosea. Kupima gitaa hakuhitaji kujua kulipiga.

Kununua la mtumba, kwa anayeanza, ni uamuzi wa busara. Gitaa halizeeki kama simu. Yamaha ya mfululizo wa FG, ulioanza kuuzwa mwaka 1966, bado inapigwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka kiwandani. Na yapo mengi. Andy Mooney, alipokuwa akiongoza kampuni ya Fender ya Marekani, alieleza kwamba karibu asilimia 45 ya magitaa yao hununuliwa na watu wanaoanza, na kwamba asilimia 90 ya hao huacha ndani ya mwaka mmoja. Kwa Fender hiyo ni hasara. Kwa mnunuzi wa mtumba ni ghala: magitaa yaliyopigwa wiki tano yakasukumwa uvunguni, yakisubiri mwenye nayo ahame nyumba.

Ila kabla ya kushangilia, kuna swali la kuuliza. Yule wa kwanza aliliacha kwa nini?

Wengine walikosa muda, wakaoa, wakahamishwa kikazi. Lakini wengine waliacha kwa sababu vidole viliwauma hadi wakashindwa kushika kijiko, na kila wakibana nyuzi sauti ilitoka ya bati. Hao hawakulaumu gitaa. Walijilaumu wao, wakasema hawana kipaji. Lipo gitaa mjini lililowashinda watu watatu wanne mfululizo, kila mmoja akimuuzia mwenzake, na kila mmoja akiondoka na imani hiyohiyo. Mtu anayeanza hana la kuogopa zaidi ya kuwa mnunuzi anayefuata wa gitaa hilo.

Kosa lake, mara nyingi, ni moja: nyuzi ziko juu mno kutoka shingoni. Na hili hupimwa kwa kitu kilichomo kwenye pochi. Kadi ya benki, iwe ya benki yoyote duniani, ina unene wa milimita 0.76, ni kipimo cha kimataifa, la sivyo mashine za ATM zingezikataa. Kadi tatu zikipangwa pamoja ni milimita 2.3 hivi. Shingoni mwa gitaa kuna vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza, ambavyo mafundi huviita freti. Binti wetu ahesabu kuanzia kichwani hadi freti ya 12. Kwa kawaida hapo, pembeni mwa shingo, pana alama ya nukta mbili. Aziingize kadi zake tatu kati ya freti hiyo na uzi mnene kuliko wote. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, kadi tatu zinatakiwa zigusane na uzi au zikaribie sana. Zikipita na nafasi ikabaki ya kadi ya nne na ya tano, gitaa hilo litamtoa machozi. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, ambazo hutetema kwa upana zaidi, kadi nne hadi tano ni kawaida.

Maumivu ni nusu tu ya hasara. Uzi unapobanwa kutoka juu sana huvutika, na uzi uliovutika hupanda sauti. Maana yake mwanafunzi atatyuni gitaa lake vizuri kwa simu, nyuzi zote sita sawasawa, kisha abane kodi ya kwanza na isikike imepinda. Atatyuni tena. Atapinda tena. Mwishowe atahitimisha kwamba sikio lake ni bovu, kumbe sikio lake ndilo pekee linalosema kweli katika chumba kile.

Nyuzi hupanda juu kwa sababu mbili kuu, na moja inatibika kwa urahisi kuliko nyingine. Ya kwanza ni shingo kupinda. Seremala akitaka kujua ubao umenyooka huuinua, hufumba jicho moja na kuuangalia kwa urefu kama anayelenga bunduki. Gitaa huangaliwa vivyo hivyo, kutoka kichwani kuelekea tumboni. Shingo iliyojikunja kama mkia wa nge ni ya kuachwa. Hiyo imepinda upande mmoja zaidi ya mwingine na hakuna fundi wa bei nafuu atakayeinyoosha. Palepale aangalie nyuma ya kichwa, mahali kinapoungana na shingo. Gitaa likianguka huvunjika hapo kwanza, na ufa ulioungwa kwa gundi ukapakwa rangi huonekana kama unywele mweusi ukiligeuza gitaa kwenye mwanga.

Kipimo cha pili cha shingo ni hiki. Uzi mnene ubanwe kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Sasa uzi umekuwa rula. Katikati, karibu na freti ya 7, panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana, wa kupita karatasi ngumu ya kadi ya mwaliko. Ukiwa mkubwa, shingo imeinama mbele. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana nondo nyembamba iliyofichwa ndani ya shingo, uvumbuzi ambao Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson alipewa hataza yake mwaka 1923. Nondo hiyo hukazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo, na fundi anayejua kazi yake humaliza kwa dakika chache. Kwa hiyo kuinama kidogo si ugonjwa wa kufa. Ni sababu ya kupunguziwa bei.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, na inastahili kuelezwa polepole kwa kuwa ndiyo inayoua magitaa mengi katika miji yetu. Ni nyuzi za chuma kufungwa kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni.

Hutokea bila ubaya wowote. Nailoni zimekatika, duka la jirani lina nyuzi za chuma tu, na za chuma zina sauti kali inayosikika kanisani bila spika. Mtu anazifunga, anafurahi. Asichokiona ni uzito. Nyuzi sita za nailoni, zikishakazwa, hulivuta gitaa kwa nguvu ya karibu kilo 40, pungufu ya mfuko mmoja wa saruji. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70, kama mfuko na nusu. Na mzigo huo haushuki jioni kama saruji inavyoshushwa kwenye lori. Upo usiku na mchana, miezi na miaka, ukilivuta daraja lile la mbao linaloshikilia nyuzi tumboni mwa gitaa. Magitaa ya nailoni yamejengwa mepesi kwa makusudi, mengi hayana nondo shingoni. Yakibebeshwa mfuko na nusu, tumbo huvimba, shingo huinama, daraja huanza kubanduka kwa nyuma, na nyuzi hupanda juu siku baada ya siku.

Ni rahisi kulitambua. Gitaa la nailoni lina shingo pana, milimita 52 hivi pale juu, wakati la chuma lina kama 43. Kichwa chake kimetobolewa mianya miwili mirefu ambamo nyuzi hupita. Na darajani nyuzi hufungwa fundo, hazichomekwi kwa vijiti vya plastiki vinavyochongoka kama karafuu. Ukiona kichwa cha mianya miwili kimebeba nyuzi zinazong'aa kama waya wa baiskeli, ukiona na mafundo ya waya darajani, mambo yamekwisha. Muuzaji atasema zitabadilishwa tu. Zitabadilishwa, ndiyo, lakini tumbo lililovimba halirudi.

Hapo karatasi moja inatosha kuwa daktari. Ichukuliwe risiti ya duka, isukumwe taratibu chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikigota, gundi bado imeshika. Ikiteleza ikaingia, hata kwa milimita chache, gundi imeachia na siku moja daraja litang'oka kwa kishindo, ikiwezekana katikati ya ibada. Na si nyuzi pekee zinazolaumiwa. Gundi za mbao hulainika kwa joto, na gari lililofungwa vioo juani Dar es Salaam au Mombasa huchemka hadi gitaa lililoachwa kiti cha nyuma likaanza kuachia maungio. Unyevu wa pwani nao hauli mbao upesi sana, ila huzila nyuzi. Kutu ya nyuzi isimwogopeshe mnunuzi. Nyuzi ni kama betri za tochi, hubadilishwa.

Baada ya macho, sikio. Kuna nyuzi sita, na kutoka freti ya kwanza hadi ya 12 kila uzi una sauti kumi na mbili. Jumla ni sauti 72. Zipigwe zote, moja moja, kwa kubana na kupiga. Mtu ambaye hajawahi kushika gitaa anaweza kufanya hivyo kwa dakika tano, kwa kidole kimoja. Anatafuta mambo mawili tu: sauti iliyokufa, inayotoka "tup" badala ya kulia, na mkwaruzo kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Mahali hapo pana freti iliyolika au iliyonyanyuka. Moja au mbili si msiba. Zikiwa nane, zimekaa upande wa juu ambako mwanafunzi atashinda mwaka mzima akijifunza, basi kazi ya fundi inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Makelele ya Kariakoo yasiwe kisingizio. Sikio likiwekwa juu ya ubavu wa gitaa, mbao ikagusa mfupa wa taya, kila kitu husikika hata kama jirani anauza spika za futi nne. Muuzaji atacheka. Acheke.

Kipimo cha mwisho cha sikio kinafanywa na simu, kwa programu yoyote ya bure ya kutyuni. Uzi wa tano, unaoitwa A, ukiwa wazi hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa freti ya 12 unakuwa umebaki nusu ya urefu wake, na unatakiwa utoe mitetemo 220, yaani A ileile ya juu. Programu itaonyesha herufi hiyohiyo na mshale katikati. Mshale ukikimbilia upande mmoja, gitaa haliwezi kusema ukweli katika urefu wote wa shingo yake. Lirudiwe jambo hilo kwa nyuzi zote sita. Nyuzi chakavu zenyewe zinaweza kuupindisha mshale kidogo, kwa hiyo kosa dogo lisamehewe. Mshale ukipinduka kabisa, heri kuliacha.

Mikwaruzo, rangi iliyobanduka, stika za timu ya mpira, jina la mwanamke lililochongwa kwa kisu: hayo yote ni mapambo. Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alinunua gitaa la Martin N-20 mwaka 1969 kwa dola 750. Ni gitaa la nailoni, halikukusudiwa kupigwa kwa kipande cha plastiki, naye amelipiga hivyo zaidi ya nusu karne mpaka limetoboka tundu la pili kando ya lile la kawaida. Anaendelea kulipiga na tundu lake. Amelipa jina la Trigger, na hajataka jingine. Shingo yake na daraja lake vinafanya kazi. Tumbo limechakaa kwa kucheza.

Kinyume chake ni gitaa linalong'aa lenye jina kubwa kichwani. Gibson ghushi zimezagaa duniani, na ishara moja hutosha kuziumbua nyingi: kile kifuniko kidogo cha nondo kilichopo kichwani, kwenye Gibson halisi hushikwa na skrubu mbili. Kikiwa na tatu, jina limebandikwa. Gitaa lenyewe huenda likawa si baya, maana viwanda vya Asia vinatengeneza vyombo vizuri siku hizi, lakini muuzaji alipwe bei ya mbao, si ya herufi. Anayeanza hana sababu ya kulipia jina. Akishajua kupiga atajua mwenyewe anataka nini, na mara nyingi atataka kitu tofauti kabisa na alichokiota.

Wapo wanaoota umeme tangu siku ya kwanza. Wamekua wakisikiliza solo za Mbaraka Mwinshehe kwenye redio ya babu, wanataka sauti ile inayopanda na kushuka kama ndege wa bahari. Hawakosei sana. Gitaa la umeme lina nyuzi nyembamba zaidi na hubanwa kirahisi, kwa hiyo vidole huumia kidogo kuliko kwenye gitaa kavu la chuma. Tatizo ni kwamba peke yake ni nusu ya chombo. Linahitaji kikuza sauti, waya, na umeme wa uhakika, na kila kimoja kina bei yake ambayo muuzaji haitaji. Anayelitaka asikubali kulinunua bila kulisikia limechomekwa. Azungushe kila kitufe taratibu: mkwaruzo wa vumbi hutibika kwa dawa ya kusafishia, kimya cha ghafla ni waya au swichi. Autikise na waya pale unapochomekwa. Mengine ya shingo na freti ni yaleyale, kadi ni zilezile, na pengine hata mbili zatosha.

Sasa kuna hoja ambayo haikosi kutoka kwa wazee, na inastahili jibu la heshima. Wao, watasema, walijifunzia magitaa ya galoni la mafuta, shingo ya ubao wa boksi na nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Hawakupima chochote kwa kadi za benki, kwanza kadi zenyewe hazikuwapo, na wakawa mabingwa. Ni kweli. Kutoka Katanga hadi Nyanza na Morogoro, magitaa ya kujitengenezea yalitoa wapigaji ambao dunia iliwasikia. Lakini mtoto aliyetengeneza gitaa lake mwenyewe alikuwa tayari fundi. Nyuzi zikiwa juu, alichonga daraja likashuka. Shingo ikipinda, aling'oa akaweka nyingine. Hakuna aliyemuuzia kasoro asiyoijua. Na jambo la pili: tunawajua walioshinda. Waliolitupa galoni lile jalalani wiki ya tatu hawakurekodiwa na Tracey, hatujui walikuwa wangapi, wala walikuwa na nini vidoleni mwao. Kusema gitaa gumu humkomaza mtu ni kuhesabu waliovuka mto na kuwasahau waliobaki majini.

Ikishafika kwenye bei, vipimo vile vyote hugeuka kuwa maneno ya kupatania. Binti haambiwi aseme gitaa ni bovu. Muuzaji wa Kariakoo ameshasikia hilo mara mia asubuhi hiyo. Aonyeshe. "Kaka, tazama, kadi ya nne inapita hapa. Na uzi huu, freti ya tano, sikiliza." Kasoro iliyoonyeshwa kwa kidole hushusha bei kuliko kasoro iliyosemwa. Atoe hesabuni gharama ya seti mpya ya nyuzi, kwa kuwa atazihitaji hata gitaa likiwa zima, na ya fundi kama nondo inahitaji kukazwa. Aulize gitaa limetoka wapi. Magitaa huibwa, hasa makanisani na kwenye kumbi, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Tanzania na Kenya vilevile. Muuzaji mwaminifu haoni tabu kuandika karatasi yenye jina na namba yake ya simu.

Kama anaye ndugu au rafiki anayepiga, aende naye. Wanafunzi wa muziki wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Zanzibar, wanavijua vyombo hivi kwa mikono. Ila mwenye kujifunza ashike gitaa mwenyewe kabla hajalipa. Akae nalo kwenye kiti, si kusimama. Mkono wa kulia ulivuke tumbo bila bega kupanda. Likipanda, gitaa ni kubwa kwake, na yapo madogo ya robo tatu yasiyo ya watoto peke yao. Abane uzi mwembamba kwenye freti ya kwanza kwa kidole cha shahada, kisha aulegeze, kisha abane tena, mara kumi. Mara ya kumi kidole kitamwambia kama wataelewana.

Anayekwenda sokoni Jumamosi hii abebe kadi tatu, risiti ya zamani na simu yenye chaji. Aende asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla wauzaji hawajachoka. Na muuzaji akimnyima dakika kumi na tano za kupima, arudi nyumbani na pesa zake. Magitaa ya uvunguni hayajaisha mjini.